Baba Alisema Hajafungwa

Nyumba ya Ngazi za Nje,
Ghorofa ya Pili.
9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu tele zikufikie huko uliko, wewe na wifi na wanangu. Hamjambo? Lile goti limepona, au bado unapanda ngazi kama bata? Sisi huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini ukimwambia apumzike ndiyo kwanza anatafuta ufagio.

Nianze na Baba, maana najua ndiye unayetaka habari zake. Tangu kile kiharusi, mkono umerudi kiasi, ila ulimi ulibaki mzito, na mwenyewe hakutaka kuujaribu. Bibi wa mazoezi akimwambia, "Sema a, sema e," Baba anageukia ukutani. Mtu aliyezoea kubishana na redio, leo afundishwe irabu!

Ndipo nikaileta ile programu yangu ya sataranji. Niliifunza kusikia sauti na kujibu, nikampa Baba sharti moja: hasogezi kete kwa mkono, anazitaja. "Farasi... e... tano." Tukaenda hivyo, neno baada ya neno.

Juzi kompyuta ikarusha askari wake hatua mbili, akamtishia mfalme wa Baba. Kisha ikatangaza: "Umefungwa. Mchezo umekwisha." Nikaanza kukusanya kete. Baba akapiga meza.

"Bado!"

"Baba, mfalme hana pa kwenda."

"Si... jafungwa. Tazama."

Mama akanivuta jikoni, akaninong'oneza nisimbishie, huenda ni ugonjwa. Lakini niliporudi, Baba alikuwa ameshikilia askari wake, aliyesimama ubavuni mwa yule wa kompyuta, wala hamwachii. Hapo nikaona. Askari akiruka hatua mbili na kumpita jirani, jirani ana ruhusa ya kumla papo hapo, kana kwamba aliruka moja tu. Akiliwa huyo, tishio limekwisha. Programu yangu iliijua sheria hiyo, ila mfalme akiwa katishiwa haikuitazama kabisa. Ilimzika mtu angali anapumua.

Kaka, nilijiambia sitainuka hapo mpaka kieleweke. Michezo ya kawaida nikaiweka kando, maana ndiyo iliyonidanganya kwamba programu ni nzima. Nikaipa vituko vitupu: malkia watano upande mmoja, wafalme wamebanwa pembeni, ubao mtupu wenye askari wawili wanaoviziana. Nikiziba hapa, panavuja pale. Mara ikamla yule askari hata pale ambapo kuondoka kwao wote wawili kulimwacha mfalme wake mwenyewe wazi mbele ya ngome ya adui! Nikabomoa sehemu ile yote, nikaiandika upya.

Na fundi mkuu wa vituko alikuwa Baba.

"Weka farasi... sita."

"Sita, Baba? Hii ni sataranji au zizi?"

"Weka!"

Bibi wa mazoezi alitukuta katikati ya mabishano hayo. Akasimama mlangoni akisikiliza, kisha akarudisha kadi zake za irabu mkobani.

Jana tukaupanga upya mchezo ule ule. Kompyuta ikarusha askari wake, ikamtishia mfalme, ikanyamaza. Ikangoja.

"Askari anakula," alisema Baba, bila kukwama hata kidogo.

Wakapambana mpaka Mama akaandaa chakula, na mwisho Baba akashindwa. "Sasa," akasema, "nimefungwa kwa haki." Akacheka hadi Mama akaja na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Nisalimie wifi, nibusie wanangu wote, na yule mtundu mwambie shangazi hajasahau. Mama anawaombea kila siku. Ila salamu za Baba sikuandikii. Amesema umpigie simu, atakupa mwenyewe. Akikawia kati ya neno na neno, usimmalizie. Msubiri.

Mwenyezi Mungu awakinge na kila baya, awafikishe salama mnakokwenda na mnakorudi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Kitindamimba