Nitakusuka Taratibu

Kwako dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi, kisha nyingine juu yake. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Sisi huku ni wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo wake mzima kabisa. Barua yako imefika, mistari mitatu kama kawaida yako: mko salama, kazi nyingi kiwandani, msalimie mama. Dada, hata risiti ya duka ina maneno zaidi!

Mimi ningali nasuka nywele saluni, palepale. Nina mteja mmoja ambaye lazima nikuhadithie. Ni mfuaji wa nguo hospitalini, ana watoto wanne na mama mkwe asiyejua kunyamaza. Tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu akishakaa kitini hasemi na mtu; anatoa daftari mkobani na kuandika hadithi. Alinieleza kwamba nyumbani kwake haachwi akae hata dakika moja, ila mtu akiwa anasukwa hakuna wa kumtuma akatafute soksi ya mtoto.

Basi nikaanza kumsuka taratibu. Namchagulia mtindo wa nywele nyembamba kabisa, na kazi ya masaa matatu naifanya kwa sita. Mwenye saluni alinung'unika, akauliza kama nasuka kichwa au nafuma zulia. Siku moja Mheshimiwa akatusomea ukurasa. Mwenye saluni akakaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, haijawashwa hata, akasikiliza mpaka mwisho. Tangu hapo yeye ndiye anayepunguza redio. Wenzangu nao wanadai yule mume wa kwenye hadithi aadhibiwe. Mheshimiwa huwacheka, lakini mwezi uliopita nilichungulia nikaona amemvunja mguu.

Jumamosi iliyopita alisahau daftari kwenye meza ya vitana. Nilikuwa nafagia nilipomwona anarudi mbio, kiatu kimoja mkononi, uso umempauka. Nilipompa alilikumbatia, akaketi sakafuni juu ya mabaki ya nywele, akalia. Wenzangu wakamletea maji. Mimi nilitoka uani na ufagio wangu mkononi. Uso ule nilishauona, dada. Ulikuwa wako, wiki moja kabla ya harusi yako.

Mama hakuwashia jiko kwa daftari lako la hadithi, lile la jalada la kijani, kama ulivyodhani. Nililichukua mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nawe ulikuwa unaondoka, wewe uliyekuwa ukinisuka huku ukinisimulia yaliyomo. Niliona ukienda nalo sitabaki na kitu chako. Nikalificha sandukuni, chini ya sare za shule. Ukapekua nyumba nzima, ukamlaumu mama, ukaapa hutaandika tena hata orodha ya sokoni. Nikaogopa, nikanyamaza, na kila mwaka ikawa vigumu zaidi kusema. Kila barua yako ya mistari mitatu nimeisoma nikijua sababu ni mimi. Nisamehe, dada yangu. Kama leo huwezi, nitasubiri.

Daftari nimelifunga pamoja na barua hii. Halijapungua hata ukurasa. Uliliacha pale ambapo yule mwanamke muuza funguo amesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa, na mtu anabisha hodi. Miaka kumi na minne namwona amesimama palepale. Omba likizo, uje na kalamu, ukae kwenye kiti changu. Nitakusuka taratibu, zile nyembamba kabisa. Watoto mwachie shemeji. Hatakufa kwa kutafuta soksi mwenyewe.

Mama anakusalimu sana. Nilipomwambia ninachokuandikia, alinijibu kwamba daftari alilikuta sandukuni mwangu baada ya harusi, akalisoma lote, akalirudisha. Alingoja nikurudishie mwenyewe. Alisema aliona afadhali lawama zimkae yeye, kwa kuwa mama husamehewa upesi kuliko ndugu, ila hakujua ningechukua miaka yote hii. Halafu akanituma nikuulize, na mimi pia nakuuliza: nani alikuwa anabisha hodi?

Wasalimie wote hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba