Mama Kakanyaga Mfongo

Jumanne, 2 Septemba

Nimekata majani, nimekamua, nimechuja maziwa. Ndipo nikafungua simu. Grupu la ukoo linawaka moto. Mtu kachukua picha yangu ya kugombea udiwani, kakata kichwa, kakibandika kwenye mwili wa mwanamke mnene aliyesimama katikati ya mfereji mkavu. Chini kaandika: "Mama kakanyaga mfongo. Maji yamekata."

Wazee walikataza mwanamke kugusa mfongo, mfereji wetu wa kuleta maji mashambani. Huku mlimani kila mtu anajua. Aliyeituma ni shemeji Eliufoo. Nilicheka. Imetengenezwa vizuri, siwezi kukataa.

Alhamisi, 4 Septemba

Sicheki tena. Sokoni muuza nyanya kaniuliza leo nimekanyaga wapi. Mpinzani wangu naye wanamchora, lakini wanacheka ahadi zake. Mimi wanacheka makalio yangu. Na mume wangu, eti nani anampikia. Sera yangu ni mfongo huohuo, umeziba tangu masika. Hakuna anayeiuliza.

Ijumaa, 5 Septemba

Mume wangu, Baba Neema, anataka nijitoe. Eti jina la nyumba linachafuka. Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Kibaya zaidi, nusu yangu inakubaliana naye. Kesho wanaume wanazibua mfongo, sisi wanawake tunawapelekea pombe ya mbege. Watu wote watakuwepo. Nitawaambia hapohapo kwamba basi.

Jumamosi, 6 Septemba

Sikusema.

Tulipofika na mbege, mama mkwe aliomba aione hiyo picha. Aliitazama, hakucheka. Akanirudishia simu. "Mwanangu, maji haya nayateka tangu niolewe. Leo na mimi nataka niyashike yanakotoka." Akamnyang'anya Eliufoo jembe, akashuka mfongoni. Nikashuka nyuma yake. Wanawake wengine wakafuata. Wanaume walisimama tu. Nani amfukuze bibi kizee yule? Mwisho Eliufoo akaenda kutafuta jembe lingine.

Jumapili, 7 Septemba

Maji yamefika kwenye migomba. Nimechelewa ibada, mgongo hauinami.

Eliufoo katuma picha nyingine kwenye grupu. Ni mimi na mama mkwe, tope hadi magotini. "Wamekanyaga. Maji yamekuja." Makalio yangu yameonekana yote. Nimeihifadhi.

Baba Neema ameuliza mkutano wangu wa kesho unaanza saa ngapi. Sasa hivi anapiga pasi shati lake.