Mama Amezifungua Chupa za Baba Mkwe

Kambarage, Shinyanga mjini, Jumatano. Joto la kukaanga, upepo unapiga mabati, na vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Nimekaa, nimesimama, nimefagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Mwili hautulii.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni Milembe, mtoto wa Shinyanga niliyeolewa Japani, kwenye familia inayotengeneza mvinyo. Msije mkadhani ni kiwanda. Ni baba mkwe, mama mkwe, mume wangu Kenji na mimi, na shamba la zabibu ubavuni mwa mlima. Hatupulizi dawa. Majani tunayaacha yaote katikati ya mistari, na kwenye juisi hatutii hamira wala kitu cha kuihifadhi. Inachacha yenyewe, kwa wakati wake. Majirani wanatucheka eti tunafuga magugu. Mimi niliyekua nikikohoa dawa ya pamba nililipenda shamba lile siku ya kwanza, kabla hata sijampenda vizuri mwenye nalo. Kenji, ukisoma hii, vumilia.

Nilikuja kumzika Baba. Nikasema nitabaki mpaka matanga yaishe. Matanga yameisha, mvua zimekuja na kwenda, nami bado niko. Kule zabibu zimeanza kuiva. Kenji akipiga simu ananionyesha vichala, haulizi kitu. Afadhali angeuliza.

Kwa hiyo nikatunga mpango. Kaka yangu Masanja ananunua dhahabu Geita na anajuana na kila mwenye uwezo. Akanipatia mwenye hoteli aliyetaka kuuonja mvinyo wetu. Akiupenda, nitakuwa nauleta huku: nusu mwaka nakaa na Mama, nusu nakaa kule. Mama aliposikia alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani kaposwa.

Jumapili nilikwenda Geita kupanga mambo. Chupa sita nilizokuja nazo nikaziacha kabatini. Kuonja kulipangwa kesho, hapa hapa mjini.

Leo asubuhi nimerudi nikazikuta mezani, zote wazi, zimefunikwa kwa kanga safi.

“Mama, umefanya nini?”

“Nimeziokoa, ng'wanawane, mwanangu. Zilikuwa bado zinachacha, povu linapanda, machicha yako chini. Nani anaziba pombe inayochacha? Si ingepasuka!”

Mama alikulia kwenye nyumba ya kupika pombe ya mtama, na mtungi unaochacha hauzibwi. Unafunikwa kitambaa upumue. Mvinyo wetu huo tunauziba makusudi ungali hai, kwa vizibo kama vya soda, ili povu libaki ndani. Hilo sikumwambia. Nani angewaza? Siku tatu wazi katika joto hili, na vijinzi vimeshajialika. Nikaonja. Siki tupu, ya kutia kwenye kachumbari.

Nikamfokea Mama. Mjane, ndani ya nyumba yake, nilimfokea hadi sauti ikanikauka. Aliokota vizibo kimoja kimoja akaviweka kwenye sahani, na mimi nikatoka nje kwa sababu sikuweza kuitazama ile sahani.

Nikampigia Masanja. Wala hakushtuka. “Acha kulia wewe. Nunua wa dukani, jaza humo humo, uzibe. Yule mzee anajua nini? Ataangalia ile karatasi ya Kijapani iliyobandikwa kwenye chupa tu, basi.”

Karatasi ile mama mkwe huiandika kwa mkono, kwa burashi, chupa kwa chupa. Nikanyamaza kwenye simu, na nisijipake mafuta: nilinyamaza nikiwaza ni duka lipi lenye mvinyo wa rangi ile. Kisha nikaona aibu, nikamwambia hapana. Akasema basi kamwambie mzee mwenyewe. Nikampigia mwenye hoteli nikamweleza yote. Alicheka, akasema hamna neno, nikipata nyingine nimtafute.

Yangeishia hapo ningekuwa nimelala sasa hivi. Lakini kuna jambo linanizungusha uani tangu asubuhi. Nilipoiona ile kanga mezani, kabla hasira haijanifika, nilishusha pumzi.

Niliona nafuu.

Jamani, sitaki nusu kwa nusu. Nataka kuwa kule wakati wa kuchuma, mikono inanata, baba mkwe anaonja zabibu, anatema mbegu, anasema bado, na sote tunarudi nyumbani tukinung'unika. Ile ni kazi yangu. Mpango wa hoteli niliutunga kwa kuwa sikuwa na mdomo wa kumwambia Mama ninaondoka. Naye siku zote tatu alizilinda zile chupa ili nibaki. Nimemfokea kwa kuuharibu mpango ambao mimi mwenyewe sikuutaka. Loo.

Jioni alikuja na ungo wa choroko, akakaa kando yangu, akaanza kuchambua mawe.

“Nisamehe, mwanangu. Agiza nyingine. Safari hii sizigusi.”

“Wewe unisamehe mimi, Mama. Nitakwenda kuzileta mwenyewe.”

Mikono yake ikasimama. “Kuleta, au kwenda?”

Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ncha ya ulimi. “Kwenda,” nikasema.

Aliendelea kuchambua. Akatupa jiwe, akatupa jingine.

“Hao wakwe zako wanakula michembe?”

“Hawaijui, Mama.”

“Wataijua. Kesho twende sokoni tukachague viazi vilivyokauka vizuri, usije ukanitia aibu kwa watu.”

Kisha akaniwekea ungo mapajani, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Nilimsikia akipenga kamasi.

Mpaka sasa hajatoka. Choroko zake nimezimaliza zote, na bado najiuliza: inakuwaje mtu anapewa ruhusa, inamuuma kuliko angekatazwa?