Huo Mguu ni wa Nani?

Nyakwara Akinyi, mjukuu wangu,

Hapa Rusinga tuko salama, ila nyumba imepoa tangu uhamie Kehancha. Babu yako bado huniuliza kama umeshakula, kana kwamba uko jikoni.

Unauliza uchague nini kwa mguu wako uliovunjika juu ya kifundo: fimbo ya chuma ndani ya mfupa, au bamba la skrubu kando yake. Nilipokuwa karani kijana hospitalini, mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Sindo alivunjika hapo hapo. Daktari alinituma nikajaze fomu ya idhini. Kwa woga nilimwendea shemeji yake, maana kwetu ndugu wa mume ndiye aliyemsemea mke. Akasema fimbo, nikaandika.

Yule mama akaniita. "Nyathina, mwanangu, huo mguu ni wa shemeji?"

Nikamkimbilia daktari. Akaja akamweleza mama mwenyewe kwamba njia zote mbili huunganisha mfupa vizuri. Bamba huweza kusumbua kidonda cha upasuaji, na fimbo, kwa kuwa hupitishwa gotini, huweza kuacha maumivu mtu akipiga magoti.

"Basi bamba! Nitaanikaje omena? Nitasalije? Huyu shemeji hasali, hajui goti ni la nini."

Wodi nzima ilicheka, na shemeji pia.

Sasa mimi sijui siku hizi wewe hushinda umesimama, umepiga magoti au unakimbia. Zamani ningejua. Mwambie daktari, kisha uniandikie na mimi.

Dani, bibi yako