Mabawa Hukunjwa Darajani

Tokyo, 12 Oktoba 1987

Baba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba mgongo wako umeanza kukuonea huruma. Mimi sijambo. Najua miaka minane ni mingi kwa mtu kukaa kimya, tena akaja kuvunja kimya kwa ombi. Unisamehe, sikupata pengine pa kuanzia.

Kampuni yetu inatoa roboti wapya wa kuchezea, wanaogeuka treni. Jina lao ni Walinzi wa Reli. Watauzwa hapa Japani tu. Wenzetu wa Marekani waliitazama michoro wakasema watoto wao wanataka magari. Kiongozi ni treni ya kasi, Mshale wa Fedha, na nyuma yake kuna wanne: wa mizigo, wa kulala abiria, wa milimani na wa mjini. Nafasi ya sita ilikuwa wazi nikapewa niijaze. Nimechora mashine yako ya kusukuma theluji relini. Nimemwita Yukiwari, mpasua theluji.

Mama aliniambia kwa simu kwamba njia ya reli ya Kitatoma itafungwa na mashine itakatwakatwa iwe vyuma chakavu. Nataka ibaki, hata kama ni ya kuenea kiganjani. Mchoro ni huu. Niambie nilipokosea.

Mwanao,
Mitsugu


Kitatoma, 30 Novemba 1987

Mitsugu,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo uko palepale ulipouacha. Theluji ilianza tarehe tisa. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Mchoro wako nimeutazama siku mbili. Umemweka darajani na mabawa yote mawili ya kutupa theluji pembeni yakiwa wazi. Mtoto uliyelelewa nyumba ya reli! Kabla ya kila daraja kuna kibao cha njano. Ukikiona, unakunja mabawa ya mashine na unainua kile kisu cha chini kinachokwangua theluji. Usipokunja, bawa linapiga nguzo, na wewe na mwenzako mnakwenda kulala mtoni. Ulifanya kazi hapa msimu mzima ukipita vibao hivyo, sijui ulikuwa ukitazama nini.

Nimekuchorea yanavyokunjwa. Vipimo viko nyuma ya karatasi.

Kosa la pili ni mkono wa kulia. Umemfumbisha ngumi. Roboti wa treni asiyenyoosha kidole si mtu wa reli. Tunainyooshea kidole ishara ya njia, tunaitamka kwa sauti, ndipo tunakwenda. Hata mama yako hulinyooshea jiko kidole na kutamka "limezimwa" kabla hajatoka nyumbani, na yeye hajaendesha hata toroli.

Baba yako


Tokyo, 20 Januari 1988

Baba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mwambie mama nakula, na samaki alionitumia nimemgawia jirani maana alinusa harufu akaja mwenyewe.

Mchoro wako umeniokoa. Nilihangaika miezi miwili nisijue mabega ya roboti yatoke wapi. Sasa mabawa yakikunjwa kama ulivyoonyesha, yanarudi nyuma na kuwa mabega, na mikono inachomoza chini yake. Fundi wa kalibu aliukunja na kuukunjua mfano wa mbao mara ishirini, kisha akauliza nani aliyebuni. Nilimwambia ni baba.

Kidole ndicho kinachotusumbua. Bwana Hirabe, mkuu wangu, anasema ni chembamba, kitakatika. Tena anasema roboti lazima afumbe ngumi ili ashike bunduki. Sijakata tamaa. Kila roboti atakuwa pia na kadi nyuma ya boksi, ya tabia na nguvu zake.

Kuna jambo nimelibeba muda mrefu, naona nilitue. Ile asubuhi ya Februari nilipoondoka, nilikutazamia kituoni mpaka treni ikaondoka. Hukuja. Mama alisema una kazi. Sikulalamika, kwa sababu kazi uliyonitafutia kwa kuwainamia watu niliiacha baada ya msimu mmoja, nikaenda kuchora vitu vya watoto. Lakini niliumia, na bado naumia. Ulikataa kuniaga?

Mwanao,
Mitsugu


Kitatoma, 3 Machi 1988

Mitsugu,

Marahaba. Tu wazima. Theluji imefika madirishani, na mama yako anatokea mlango wa jikoni.

Mwambie mkuu wako kidole kifanywe kinene. Vyangu ni vinene na miaka thelathini na mmoja vimeonyesha ishara vizuri. Kuhusu bunduki, mashine yangu haikuwahi kubeba bunduki na bado hakuna kilichosimama mbele yake.

Umesema kila roboti atakuwa na kadi yake nyuma ya boksi, ya tabia na nguvu zake. Ikiwa tayari uniandikie imesema nini. Mama yako naye anataka kujua.

Baba yako


Tokyo, 14 Novemba 1988

Baba,

Shikamoo. Natumai hamjambo, na kwamba kuni za mwaka huu zimeingia ghalani mapema. Mimi mwili haujambo.

Nimekaa miezi minane bila kukujibu kwa sababu ya aibu. Nitaeleza kama ilivyokuwa. Mwezi wa nne kamati ilikaa ikasema Walinzi watano wanatosha, ila hawana adui. Wakawapanga roboti wote mezani. Yukiwari ni mweusi, uso wake ni chuma kilichochongoka, na hafanani na wenzake. Bwana Hirabe akasema, "Adui wetu si huyu hapa? Tunatafuta nini tena?" Watu wakacheka, na likapita. Mimi nilikuwa nimekaa palepale na sikufungua mdomo.

Kadi yake imeandikwa hivi: "Nguvu tisa. Kasi mbili. Urafiki sifuri. Hutembea peke yake kabla jua halijachomoza. Hakuna amwonaye akija. Haongei na mtu."

Mabawa yanakunjwa sawasawa. Na kidole kimekubaliwa, kinene kama ulivyosema. Walikubali kwa sababu adui akinyoosha kidole anatisha.

Nilitaka mashine yako ibaki, na nimeibakiza ikiwa adui wa watoto wa nchi nzima. Nitukane ukitaka, lakini usininyamazie.

Mwanao,
Mitsugu


Tokyo, 2 Februari 1989

Baba,

Shikamoo. Hamjambo? Barua yangu ya Novemba haikujibiwa, na sikulaumu. Leo roboti wameingia madukani. Nakutumia Yukiwari mmoja ndani ya boksi hili. Ukimgeuza, anza na kisu, kisha mabawa, miguu iwe ya mwisho.

Mwanao,
Mitsugu


Kitatoma, 2 Mei 1989

Mitsugu,

Marahaba. Sisi wazima. Njia ilifungwa juzi. Watu walijaa kituoni kupiga picha, wengi wao sijawahi kuwaona wakipanda treni. Mashine waliikata wiki moja kabla, nikasimama karakanani mpaka wakamaliza. Nililia kidogo. Mama yako anasema si kidogo.

Sikukunyamazia kwa hasira. Ulikuwa msimu wangu wa mwisho na theluji ilikuwa nyingi. Tena kulikuwa na swali lako la kabla ya hapo, na hilo sikujua namna ya kulijibu.

Roboti alifika salama. Nilipomgeuza mara ya kwanza ilinichukua saa nzima, sasa namgeuza nikiwa naongea. Kadi, mama yako aliisoma kwa sauti. Alipofika "urafiki sifuri" alicheka hadi akakaa chini. Akauliza, "Huyu wamemjulia wapi?" Basi, ile kadi usiione haya. Kila kilichoandikwa pale ni kweli. Walichosahau ni kwamba anayekwenda peke yake kabla ya jua, treni ya kwanza hupita nyuma yake.

Sasa swali lako. Februari ile theluji ilifika kiunoni. Treni yako ilikuwa ya saa kumi na mbili na nusu, na usiku wakubwa walitaka kuifuta. Zamu haikuwa yangu. Nilimwomba mwenzangu Tokura anipe yake, nikatoka saa tisa. Kuna madaraja kumi na moja mpaka njia panda ya Otokoro. Nilikunja na kukunjua, kukunja na kukunjua. Nilipofika Otokoro nikaingia njia ya pembeni kukupisha.

Ukapita. Dirisha la tatu, behewa la pili, umelala, mdomo wazi. Sikupiga honi. Nilikunyooshea kidole mpaka behewa la mwisho likapita, nikatamka peke yangu mle ndani kama inavyotakiwa:

"Njia ni nyeupe. Nenda."

Baba yako