Rungu Ulilomtumia Baba Yako

Nyumba Na. 14,
Lipowa Dolna,
Poland.
27 Aprili 2019

Mpendwa mwanangu Ludwik,

Nakusalimu kwa jina la Kristo aliyefufuka. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya huko Toronto, wewe, mkeo na binti yenu. Je, kikohozi cha mtoto kimekwisha? Mgongo wangu unaniruhusu kukaa mezani kwa saa moja tu kwa siku, na saa ya leo yote nimekupa wewe. Mama yako ni mzima. Baba yako ni mzima wa mwili.

Sikukupigia simu kwa sababu kwenye simu wewe hucheka, na jambo hili halichekeshi.

Wezi waliingia kijijini mwezi wa Februari. Walichukua nyama yote ya jirani mmoja iliyokuwa ikikaushwa kwa moshi, na jenereta ya mwingine. Polisi walifika siku ya tatu. Hofu ya baba yako ilikuwa ya haki, wala sikumlaumu. Angeweza kununua makomeo mapya, au kufuga mbwa. Lakini wewe, ambaye kila Jumamosi huvaa mavazi ya chuma na kupigana na wenzako kwa mchezo, ulimtumia kwa posta rungu la chuma lenye mbavu sita kichwani, kama yale ya wapiganaji wa kale, pamoja na ngao. Kisha ukamwambia kwa simu, nami nikiwa nimeketi pale nikiisikia sauti yako: "Baba, bunduki inataka kibali, rungu halitaki. Akiingia mtu, mpige kwanza. Jina lake atalitaja akiwa chini."

Tangu siku hiyo baba yako, mdogo wangu, mtu wa miaka sabini na mmoja, alikuwa akifanyia mazoezi kabeji za mama yako uani. Usiku alilala kitini jikoni, rungu mapajani. Nilipomwambia kwamba anatuaibisha, alinijibu, "Kaka, wewe linda vitabu vyako, mimi nitalinda nyumba." Watu wa dukani wakamwita Jemadari kwa kumdhihaki, naye akalipenda jina hilo.

Desturi yetu ya Jumatatu ya Pasaka, ya wanaume kuwamwagia wanawake maji, wewe huna haja ya kufundishwa. Mwanamke asiyemwagiwa maji siku hiyo amedharauliwa, na hapa kwetu hakuna anayelifunga dirisha lake la jikoni asubuhi hiyo. Kwa miaka arobaini Wawrzyniec seremala, baba yako wa ubatizo, amekuwa akimmwagia mama yako ndoo ya maji kupitia dirisha hilo, kisha huzunguka na kuingia mlangoni kula mayai na soseji. Safari hii pia mama yako alilifungua komeo yeye mwenyewe. Baba yako hakuikumbuka siku. Miezi miwili ya kungojea wezi ilikuwa imemwondolea kalenda yote kichwani.

Saa kumi na mbili asubuhi, kukiwa kumekwisha kucha, mkono wenye ndoo uliingia dirishani, na baba yako akaupiga.

Mama yako anasema aliusikia mfupa kabla ya kuisikia ndoo. Wawrzyniec aliketi chini penye maua, akasema, "Ambroży, ni maji tu."

Baba yako akajibu kutoka ndani, "Taja jina lako."

"Umelisahau? Mbona ulilitaja kanisani, uliponiomba nimshike mwanao?"

Mfupa umevunjika mahali pawili. Daktari wa mjini ameuunga kwa vyuma, lakini hakuahidi kwamba mkono huo utashika randa tena. Wawrzyniec aliwaambia hospitalini kwamba alianguka kutoka kwenye ngazi. Alisema uongo siku ya Pasaka ili baba yako asifungwe. Baba yako hajaenda hata kumjulia hali. "Anayeingia kwa dirisha ni mwizi," ndivyo anavyosema. "Muulizeni Ludwik."

Basi nakuuliza.

Siku ya Jumanne, kama ujuavyo, ni zamu ya wanawake kuwamwagia wanaume. Mama yako alichota ndoo kisimani, akamwagia baba yako maji yote pale kitini, yeye na rungu lake. "Haya, nipige na mimi, Jemadari," alimwambia. "Nimekuja na ndoo." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba yako alikifuta chuma kwa shati lake kabla ya kujifuta uso.

Kisha mama yako alivaa koti, akaenda kumpikia Wawrzyniec, ambaye ni mjane na kwa sasa hawezi hata kujifunga vifungo. Jioni huja kulala kwangu. Amesema hatakanyaga nyumbani kwake hadi rungu litoke na mumewe aende kwa miguu yake kuomba radhi.

Nilimsihi baba yako, kisha nikamkemea. Anasema atalitoa siku utakayomwambia wewe, kwa kuwa wewe ndiwe unayejua mambo ya vita. Ludwik, wewe hujui mambo ya vita. Unajua mchezo ambao mwamuzi hupuliza filimbi, kisha nyote huenda kunywa bia. Ulimpa silaha mzee mwenye hofu, ukamfundisha kupiga kabla ya kuuliza, kisha ukalala usingizi ng'ambo ya bahari.

Ukiipata barua hii, mpigie siku hiyo hiyo. Usimtanie. Mwambie: Baba, nilikosea, litoe, nenda ukaombe radhi. Usiongeze neno. Usipofanya hivyo, nitavaa koti langu jeusi niende kwa Wawrzyniec mimi mwenyewe. Sitaomba radhi kwa niaba ya mdogo wangu. Nitamwambia kwamba mkono uliompiga uko Toronto, na kwamba mwenye mkono huo anajua.

Msalimie mkeo, umbusu mtoto. Shangazi yako Genowefa anakusalimu, na mama yako anakuombea kila asubuhi. Wawrzyniec naye anakusalimu. Nilipomwambia kwamba nakuandikia, aliniomba nisikukaripie. Nimeshindwa kumtii.

Mungu awalinde ninyi nyote nyumbani mwenu, na akupe moyo wa kutubu.

Wako akupendaye, hata leo,
Baba mkubwa,
Teofil