Mlinzi wa Medali za Ushindi

Jumatatu, 9 Machi 2009
Zamu ya chumba cha medali tena, kule makumbusho, siku nzima. Wageni wachache, wazee, wengi wanatafuta choo. Nimesimama mpaka visigino vinawaka moto. Medali zimelala ndani ya makabati ya vioo, za fedha na za shaba, kila moja na vita vyake ambavyo mfalme fulani alishinda zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Upande mmoja sura ya mfalme, pua kubwa. Upande wa pili farasi, mizinga, malaika anapuliza tarumbeta. Chini ya kwato, watu. Hao hawakuandikwa majina. Jioni nimekula wali wa jana, peke yangu.

Jumatano, 11 Machi
Mama Neema kapiga simu kutoka Södertälje, anakoishi na binti yetu. Tangu tuachane hapigi bila shida. Darasa la Neema linakuja makumbusho Alhamisi ya wiki ijayo, wanasoma vita vya wafalme wa Sweden. Nikauliza kama binti yangu anajua kwamba nalinda huko. Anajua. Amesema nini? Hakusema kitu. Bon, sawa. Ana miaka kumi na minne. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, macho kwenye simu.

Ijumaa, 13 Machi
Nataka anisalimie mbele ya wenzake. Ndiyo hiyo tu. Aseme huyu ni papa yangu, basi, niendelee na kazi. Lakini nguo hii ya mlinzi, na Kiswidi changu hiki cha kuungaunga. Naogopa atanipita kama kabati.

Jumatatu, 16 Machi
Nimesoma maandishi ya makabatini polepole. Kuna pigano moja la baharini lenye medali mbili. Moja ya Waswidi, moja ya Wadenmark. Zote mbili zinasema tumeshinda. Nimecheka peke yangu, mgeni mmoja akanikodolea macho. Siku tuliyokimbia vita kwetu Uvira, mimi na godoro kichwani, redio ya upande huu ilitangaza ushindi, na ya upande ule pia. Sisi wa barabarani hatukuulizwa. Neema akisimama karibu nitamwonyesha hizo mbili. Maneno ya Kiswidi nimeshayapanga.

Jumatano, 18 Machi
Nimenyoa. Nimepiga pasi suruali, sikuridhika, nikairudia. Msimamizi wangu akauliza kama naenda harusini. Sikumwambia. Nikiaibika, bora niaibike bila mashahidi.

Alhamisi, 19 Machi
Walikuja. Niliwasikia ngazini kabla sijawaona. Neema alikuwa katikati ya wasichana wawili, kasuka nywele upya, viatu vyekundu miguuni. Akatazama huku na huku. Nikageuka.

Nikaenda kona ya dirishani, nikakazia macho kile kipimo cha unyevu cha ukutani kama fundi aliyeitwa kukitengeneza. Nilijiambia namwondolea mtoto aibu. Mwalimu akaeleza wafalme na mizinga. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Neema, anaongea na wenzake haraka, kisha kicheko. Walipotoka nilitazama sakafu. Viatu vyekundu vilisimama kidogo mlangoni, halafu vikaenda.

Nimerudi nyumbani Rinkeby na hasira. Hata kunipungia mkono? Mtoto niliyembeba mgongoni.

Ijumaa, 20 Machi
Bado nina hasira. Nimeomba wanibadilishie chumba. Msimamizi akauliza sababu, nikasema macho yananiuma.

Jumapili, 22 Machi
Neema alikuja kama ilivyopangwa. Nilimpikia ugali na ndagala, vidagaa vya kwetu. Hakula, alikuwa akigeuzageuza tonge tu. Mimi nilinuna, yeye alinuna. Kisha akasema, kwa Kiswahili, neno mojamoja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

“Papa, juu ya nini uligeuka? Kwa nini?”

Akanieleza: alikuwa amewaambia wenzake tangu kwenye treni kwamba mlinzi wa medali ni baba yake. Walipoingia akawaonyesha. Wakangoja nigeuke, sikugeuka. Wakacheka, wakasema yule si baba yako, unadanganya. Akabaki mlangoni mpaka mwalimu akamwita.

Nilimwambia niliogopa. Nikamwomba msamaha. Akasema “mm”, akavaa koti. Sijui kama ni ndiyo.

Treni yake itakuwa imeshafika Södertälje. Sahani yake bado iko mezani.